Jina la Pili Juu ya Karatasi

Maneno yaliyosemwa kwa wanachama, wafanyakazi wa migodi na watu wa mji, juu ya banki na uchaguzi



Wengi wenu mmetoka kazini sasa hivi, na wengine mtaingia kazi ya usiku. Kwa hiyo hatutazunguka. Tutasema juu ya neno moja tu: namna ya kumchagua mtu wa pili, yule anayesimama kando ya kiongozi siku za uchaguzi, na zaidi sana wakati watu wamekasirikia banki kubwa.

Mtu atauliza: banki kubwa za ng'ambo zinatuhusu nini sisi? Tunamjibu kwa mwaka 2008. Tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka ule, banki ya Lehman Brothers ilianguka katika New York. Mbele ya mwaka kwisha, bei ya shaba ilishuka chini ya nusu, na bei ya kobalti ikaifuata. Katika Katanga kompani nyingi zilifunga na kuwarudisha watu nyumbani. Mfanyakazi wa Likasi hakukopa hata falanga moja kwa Lehman Brothers, lakini watoto wake walirudishwa kutoka shule sababu baba hana kazi. Basi, banki zikicheza na feza za watu, sisi pia tunalipa. Na wale wanaochaguliwa kuzichunga banki, tuna haki ya kuwatazama, hata kama hatuwapigii kura.

Siku ya kura watu wanatazama uso wa kiongozi. Wanasikia sauti yake, wanaimba jina lake. Jina la pili wanalipita kama mtu anavyopita kizingiti. Lakini mwenye feza yeye halipiti. Anajua kwamba mlango wa mbele umejaa watu, naye anakwenda kutazama ule wa nyuma. Tumechukua mfano wa Marekani, maana kule desturi hii ni ya zamani na mambo yote yameandikwa.

KAZI YA MTU WA PILI

Katika Marekani karatasi ya kura inaonyesha majina mawili pamoja, la Prezida na la Makamu wake. Mchaguzi hawezi kumchukua mmoja na kumwacha mwingine. Anawachukua wote wawili ao anawakataa wote wawili.

Katiba yao inampa Makamu kazi mbili zenye nguvu. Ya kwanza ni kiti: Prezida akifa ao akiacha kazi, Makamu anakaa mahali pake. Ya pili ni kura ya kukata: yeye ni mkubwa wa Senati, lakini hapigi kura ila siku maseneta wanapogawanyika nusu kwa nusu. Siku hiyo kura yake moja inakata neno. Siku nyingine anangoja. Kwa sababu hiyo wengi wanasema kazi yake ni bure. Ninyi shikeni maneno haya mawili, kiti na kura ya kukata, kisha mtaona kama ni bure.

BRYAN NA WATU WAKE WAWILI

Mwaka 1893 shida kubwa ya feza iliingia Marekani. Mamia ya banki zilifunga milango, kompani za reli zikaanguka, wafanyakazi wakafukuzwa. Wakulima wa ngano na wa pamba waliona bei ya mavuno inashuka, lakini deni lao halikushuka. Feza yote ya inchi ilifungwa kwa zahabu, na zahabu ilikuwa haba. Mtu aliyekopa dola 100 alipaswa kurudisha dola 100 zilizo ngumu kupata kuliko zile alizokopa. Watu wa kusini na wa magharibi walitaka serikali ipige tena kwa wingi sarafu za feza nyeupe, yale madini yaliyochimbwa katika milima yao ya magharibi, ili feza iongezeke mikononi mwa watu. Wenye banki wa mashariki walikataa kabisa.

Mwezi wa 7 mwaka 1896 Wademokrati walikutana Chicago. Kijana wa miaka 36 kutoka Nebraska, William Jennings Bryan, alisimama na kusema kwa ukali juu ya zahabu na wenye zahabu, hata mkutano mzima ukamwinua. Wakamchagua kuwa jina la kwanza. Mkulima mwenye deni aliona kwamba siku yake imefika.

Na jina la pili? Walimweka Arthur Sewall wa Maine. Sewall alikuwa mjenzi wa merikebu, tajiri, mtu wa kompani za reli, na mkubwa wa banki katika mji wake wa Bath. Alikubali neno la feza nyeupe, hatumzushii. Lakini wakubwa wa chama walimtaka sababu alitoka mashariki na alikuwa na mali. Walidhani jina lake litawatuliza matajiri na kuleta feza ya kampeni.

Wakati ule kulikuwa chama kingine, Chama cha Watu, kilichozaliwa kati ya wakulima wenye madeni. Wao walikutana St. Louis mwezi uleule. Bryan walimtaka, Sewall hapana. Hawakuweza kurudi vijijini na kuwaomba watu waliouziwa mashamba wampigie kura mkubwa wa banki. Basi wakafanya jambo lisilo la desturi: walichagua mtu wa pili mbele ya wa kwanza. Wakamweka Thomas Watson wa Georgia, kisha wakamchukua Bryan. Hivi mtu mmoja akawaendea wachaguzi akiwa na watu wa pili wawili, na mmoja hakumpenda mwenzake.

Upande wa pili alisimama William McKinley wa Warepublika. Mkubwa wa kampeni yake alikuwa Mark Hanna, mtu wa makaa na wa chuma. Hanna aliziendea banki na kompani, akazidai sehemu yao kama mtu anayetoza kodi: banki ziliombwa robo ya moja kwa mia ya mtaji wao. Inahesabiwa kwamba walikusanya kama dola milioni 3 na nusu, kiasi ambacho inchi ile haikuwa imekiona katika uchaguzi wowote.

Tarehe 3 mwezi wa 11 McKinley alishinda. Kwa hesabu ya wachaguzi wakubwa wa mikoa alipata 271, Bryan 176. Katika 176 zile, 149 zilikwenda kwa Sewall kwa kiti cha pili, na 27 kwa Watson. Mkoa wa Maine, nyumbani kwa Sewall, ulimpa McKinley. Chama cha Watu kilitoka katika uchaguzi ule kimepasuka, na hakikupata tena nguvu yake ya kwanza.

Hatusemi kwamba Bryan alishindwa sababu ya Sewall tu. Feza ya Hanna ilifanya kazi yake. Lakini tazameni hesabu: tajiri aliyewekwa ili awalete matajiri hakuwaleta, na maskini waliokuwa tayari nyumbani wakagawanyika. Wazee wanasema mshika mawili moja humponyoka. Yeye yalimponyoka yote mawili.

RISASI YA BUFFALO

Sasa geuzeni karatasi, muone upande wa washindi. Makamu wa kwanza wa McKinley alikufa mwaka 1899, na uchaguzi wa 1900 ukahitaji mtu mwingine. Katika New York kulikuwa gavana kijana, Theodore Roosevelt, aliyewasumbua wakubwa wa chama chake mwenyewe na kompani zao. Mmoja wa wakubwa wale, Thomas Platt, alitafuta namna ya kumtoa katika mkoa. Akaona dawa: tumfanye Makamu, tumzike katika kiti kisicho na kazi. Hanna alikataa kwa nguvu, lakini hakusikilizwa.

Tarehe 6 mwezi wa 9 mwaka 1901, McKinley alipigwa risasi katika mji wa Buffalo. Tarehe 14 akafa. Yule waliyemzika akaamka Prezida, mtu wa miaka 42. Mwaka 1902 serikali yake ilishitaki Northern Securities, kompani ya reli iliyoundwa na J. P. Morgan, mwenye banki mkubwa kuliko wote, pamoja na wenzake. Mwaka 1904 hukumu ya mwisho ikatoka kwamba ivunjwe.

Banki zilizolipa kodi ya Hanna mwaka 1896 hazikulipa ili zipate Roosevelt. Lakini walimpata, sababu walidhani kiti cha pili ni kaburi. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika wanajua neno hili. Mwezi wa 3 mwaka 2021 John Magufuli alikufa, na siku mbili nyuma ya kutangazwa kifo chake, Samia Suluhu Hassan aliyekuwa Makamu aliapishwa kuwa Raisi. Mtu wa pili ni mtu wa kwanza ambaye saa yake haijafika.

HASIRA YA 2016

Tulisema juu ya 2008. Baada ya Lehman Brothers kuanguka, Bunge la Marekani lilikubali tarehe 3 mwezi wa 10 dola bilioni 700 za kuokoa banki. Familia nyingi sana zilizoshindwa kulipa deni la nyumba zilitolewa inje. Watu waliona serikali ina kamba ya kumvuta mwenye banki kutoka mtoni, na kwa mwenye nyumba hakuna hata fimbo. Hasira ile haikulala.

Mwaka 2010 sheria mpya ikatungwa ya kuzibana banki, na mwaka 2011 ikafunguliwa ofisi ya kuwalinda watu wanaokopa na kuweka feza. Wazo la ofisi ile lilitoka kwa mwalimu mmoja wa sheria, mwanamke, Elizabeth Warren. Mwaka 2012 alichaguliwa seneta wa Massachusetts, na watu wenye hasira wakamwona kuwa mtu wao.

Ukafika mwaka 2016. Katika Wademokrati, Bernie Sanders alishindana na Hillary Clinton, na kila siku alimkumbusha neno moja: mwaka 2013 Clinton alilipwa dola 675,000 na banki ya Goldman Sachs kwa hotuba 3. Mfanyakazi akihesabu mshahara wake, akahesabu na saa za hotuba 3, hakuhitaji mtu wa kumfasiria.

Clinton alimshinda Sanders. Hapo swali la mtu wa pili likawa kubwa. Wengi waliomfuata Sanders walisema: atupe Warren, tuamini. Wengine walijibu kwamba Warren ana nguvu zaidi akibaki Senati, na kwamba akitoka, gavana wa Massachusetts, ambaye alikuwa Mrepublika, ndiye atakayemtaja mtu wa kukaa mahali pake kwa muda. Jibu hili lilikuwa na akili ndani yake.

Tarehe 22 mwezi wa 7 Clinton alimtaja Tim Kaine, seneta wa Virginia. Kaine alikuwa gavana, alijulikana kuwa mtu wa heshima. Katika ujana wake alifanya kazi na wapadri wa Yezuiti katika Honduras, na kama wakili aliwatetea watu walionyimwa nyumba sababu ya rangi yao. Hatuna neno baya juu ya moyo wake. Lakini siku chache mbele ya kutajwa, alitia sahihi pamoja na maseneta wengine barua za kuomba wachunga banki wapunguze mzigo wa banki ndogo na banki za majimbo. Virginia ni makao ya Capital One, moja ya banki kubwa za inchi ile. Si kosa seneta kusemea kompani ya mkoa wake. Lakini mtu mwenye hasira alitafuta ishara, na ishara aliyoipata ni hiyo.

Na Donald Trump? Yeye alisema maneno makali juu ya Goldman Sachs. Tarehe 15 mwezi uleule alikuwa amemtaja Mike Pence, gavana wa Indiana. Pence alipokuwa mjumbe wa Bunge mwaka 2008 alipiga kura ya kukataa zile dola bilioni 700. Kaine hakuwa katika Bunge wakati ule. Basi mchaguzi aliyetazama majina ya pili tu angeweza kusema: huyu ndiye aliyewakataa wenye banki, huyu ni wangu.

Vyama vyote viwili viliandika katika mipango yao ya mwaka ule kwamba vitarudisha sheria ya kutenga banki. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1933, nyuma ya mamia na maelfu ya banki kuanguka. Ilisema kwamba banki inayoshika akiba ya watu isichanganye akiba hiyo na biashara ya kubahatisha. Iliondolewa mwaka 1999. Sahihi ya kuiondoa ilitiwa na Bill Clinton, mume wake Hillary. Mwaka 2016 pande zote mbili ziliahidi kuirudisha. Hata leo haikurudishwa.

DENI LIKALIPWA NA NANI?

Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka 2016 Trump alishinda kwa hesabu ya wachaguzi wakubwa, ingawa Clinton alipata kura za watu karibu milioni 3 zaidi. Sasa tazameni ufunguo wa sanduku alipewa nani. Waziri wa Feza akawa Steven Mnuchin, aliyefanya kazi miaka mingi Goldman Sachs. Mshauri mkubwa wa mambo ya uchumi akawa Gary Cohn, aliyetoka moja kwa moja katika kiti cha ukubwa cha Goldman Sachs. Ile banki iliyotukanwa mbele ya uchaguzi ilipewa viti nyuma ya uchaguzi.

Kisha ikafika siku ya kura ya kukata. Ile ofisi ya kuwalinda watu ilikuwa imeandika amri hii: mtu aliyedhulumiwa na banki aweze kuungana na wenzake waliodhulumiwa namna ileile, waende wote pamoja mbele ya hakimu. Banki zilikuwa na desturi ya kuweka katika karatasi za mkataba maneno madogo yanayomfunga kila mtu aende peke yake kwa mwamuzi wa faragha. Ninyi watu wa sendika mnaelewa kuliko sisi. Mfanyakazi mmoja akienda peke yake kudai falanga 50 zilizokatwa, atapoteza siku ya kazi, atachoka, ataacha. Wafanyakazi 1,000 wakienda pamoja, kompani itatafuta kiti cha kuwakalisha. Amri ile ilikuwa kama sendika kwa watu wa banki.

Tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka 2017 Senati ilipiga kura ya kuifuta. Wakatoka 50 kwa 50. Macho yote yakamgeukia Makamu. Mike Pence, yuleyule wa 2008, akapiga kura ya kuifuta. Ikawa 51 kwa 50, na amri ikafa.

Ndugu, hapa ndipo moyo wa maneno yetu. Mtu aliyechaguliwa na wengi kwa hasira juu ya banki, mtu wa pili wake ndiye aliyekata neno kwa faida ya banki. Si siri, si fitina. Alifuata yule aliyemweka kitini. Jina lake la zamani lilikuwa zuri, lakini hakuna mtu aliyemshika kwa ahadi juu ya siku ile.

Na Kaine? Alirudi Senati. Mwaka 2018 sheria ya 2010 ilipunguzwa. Mbele, banki iliyofika dola bilioni 50 ilichungwa kwa ukali. Sasa mpaka ulipandishwa hata bilioni 250. Kaine alikuwa mmoja wa Wademokrati waliokubali. Warren alipinga kwa nguvu zote. Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2023, banki ya Silicon Valley Bank, yenye mali ya karibu dola bilioni 209, ilianguka kwa siku mbili. Wenye kuiongoza walifanya makosa yao, wala hatusemi sheria ile peke yake iliiangusha. Lakini ilikaa katikati ya bilioni 50 na bilioni 250, palepale ambapo uzio ulikuwa umeondolewa. Barua zile za mwezi wa 7 mwaka 2016 zilikuwa zimekwisha kuonyesha njia. Aliyezisoma hakushangaa.

NA SISI JE?

Msidhani mambo haya ni ya Marekani tu. Mwaka 1934, mwaka mmoja nyuma ya Waamerika, Wabelgiji pia walilazimisha banki zao zijigawe: akiba ya watu upande huu, hisa za kompani upande ule. Société Générale ya Brussels, iliyoundwa mwaka 1822, ikaunda banki ya mbali kwa akiba. Lakini hisa ilizishika yenyewe, na kati ya hisa zile kulikuwa za Union Minière. Mbelgiji mwenye akiba ndogo alipata uzio wake. Mchimba shaba wa Katanga hakuulizwa. Jumba lilelile la feza liliendelea kukaa juu ya kichwa chake, na hata nyuma ya 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, bendera ilipobadilika, hisa hazikubadilika. Siku 11 baadaye Katanga ilitengwa, na Union Minière ikalipa kodi yake kwa serikali ya kujitenga.

Na siku zile wakubwa wetu wawili walikuwa wanasimamaje? Joseph Kasa-Vubu alikuwa Prezida, Patrice Lumumba Waziri wa Kwanza. Mmoja alitaka Kongo ya majimbo yenye nguvu, mwingine Kongo moja yenye serikali moja. Waliwekwa pamoja kwa hesabu ya viti vya Bunge. Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka uleule mmoja akamtoa mwingine kwa radio. Watu wawili wanaokaa katika mtumbwi mmoja bila kukubaliana upande wa kwenda, mto hauwangoji. Tena kutoka 2003 hata 2006 tulikuwa na Prezida mmoja na makamu 4, na mwananchi aliyepiga foleni ya maji hakujua amshike nani kwa deni la ahadi. Leo Katiba yetu haina Makamu wa Prezida. Lakini kila orodha ina wa pili wake, kila kamati ina msaidizi wa mkubwa, kila sendika ina mshika sanduku. Neno ni lilelile.

Na banki ziko kwetu pia. Mishahara mingi inapita huko sasa. Mwaka 2016, wakati Waamerika wanachagua, banki moja kubwa ya inchi yetu iliwawekea watu mpaka wa feza ya kutoa. Watu walipanga mstari tangu asubuhi kudai jasho lao wenyewe. Tuliona wazee wa pensioni wamekaa chini juu ya ngazi. Hakuna aliyeuliza siku zile waziri fulani ana uso mzuri ao mbaya. Tuliuliza: nani alipewa kazi ya kuichunga banki hii, na nani alimweka?

MASWALI YA KUULIZA

Kwa hiyo tunawaomba, ndugu, kila mara mtu anapoletwa mbele yenu kuwa wa pili, muulize maneno haya mbele ya kunyosha mkono.

Kwanza: nani alikuwa anamlipa? Taja kompani, taja banki, taja mwaka. Mtu kufanya kazi ya banki si zambi, lakini tusikie kwa mdomo wake, tusije kusikia kwa adui.

Pili: alipiga kura gani, alitia sahihi barua gani? Maneno ya mkutano yanapita na upepo. Sahihi inabaki.

Tatu: yeye na kiongozi wamekubaliana nini kwa maandishi? Kura ya Pence ya 2008 haikutusaidia kujua kura yake ya 2017. Watu wangalidai ahadi iliyo wazi juu ya ofisi ile, ili asiyeitimiza aonekane mchana. Ahadi ni deni, lakini deni bila karatasi linakanwa.

Ine: ufunguo wa sanduku atapewa nani? Hili ni kubwa kuliko yote. Mnaweza kupewa mtu wa pili mnayempenda ili mnyamaze, kisha Waziri wa Feza akatoka katika banki mliyoikasirikia. Asiyetaka kusema mbele atampa nani ufunguo, amekwisha kuchagua.

Tano: kiongozi akifa usiku huu, kesho tutaamka na mtu gani? Kama jibu linawatia hofu, msiseme kwamba ni jina la pili tu.

Kuna mtu atakayesema kwamba maswali kama haya yanaleta ugomvi ndani ya Chama, na kwamba tumwachie kiongozi achague rafiki yake. Tunamjibu: Chama cha Watu cha Amerika kilipasuka sababu swali la Sewall liliulizwa nyuma, wakati jina lilikuwa limekwisha kuandikwa. Kama wangaliulizwa wenye deni mbele ya mkutano wa Chicago, labda wangalishindwa bado, lakini wangalishindwa wakiwa wamoja, na kesho yake wangalikuwa na chama cha kuanzia tena.

Basi mrudi katika kamati zenu, za mjini na za kambi. Wasomeeni wenzenu ambao hawakufika. Siku majina yatakapoletwa, tunawaomba mikono ibaki chini mpaka maswali yote matano yamejibiwa, moja moja, na majibu yameandikwa katika kitabu cha kamati, na tarehe yake.

Wale wa kazi ya usiku, mwende na amani, na mrudi wazima.